Wanaolipa gharama wamekaa darasani

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili alinipigia simu usiku, na salamu zilikwisha upesi kuliko kawaida yake. Shikamoo mjomba, marahaba, nyumbani wazima, wazima. Kisha akatua alipotaka kutua: "Mjomba, hivi hii digrii nikimaliza nitaitwa nani?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Aliyesoma udaktari anaitwa daktari. Aliyesoma uhandisi anaitwa injinia hata kabla bodi haijamsajili, na aliyesoma sheria huko mtaani ni wakili tu, awe amewahi kusimama mbele ya hakimu au la. Aliyesoma sayansi ya uendelevu je? Kwao Kahama, mama yake, ambaye ni dada yangu, ameshawatangazia majirani kwamba binti anasomea mazingira, na majirani wameelewa kwamba atakuwa anapanda miti. Mzee mmoja ameshatuma ombi: akimaliza tu, aende akawaone watu wa halmashauri kuhusu lile dampo la nyuma ya soko.

Siwacheki. Neno lenyewe limechakaa kabla halijazoeleka. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei ilisema kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Sentensi nzuri. Tangu hapo imebandikwa kwenye kila andiko la mradi, kila hotuba ya kufungua warsha na kila bango lenye picha ya viganja viwili vimeshika mche. Ukilifuta neno "endelevu" katika hotuba nyingi za wakubwa zetu, hakipungui kitu ila dakika. Kwa hiyo kijana anayekwenda kutumia miaka miwili ya maisha yake kwenye neno hilo ana haki ya kuuliza kama anakwenda kusoma sayansi au anakwenda kusoma hotuba.

Msimamo wangu ni kwamba ni sayansi, ina swali lake, na mahali pake hasa ni chuo kikuu kikubwa cha umma. Tatizo ni kwamba chuo hicho hicho ndicho kinachoikalia kama kuku aliyekalia mayai asiyoyajua ni ya nani.

Kuna historia ambayo wanafunzi wengi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaipita kila siku bila kuijua. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, pale Dar es Salaam hapakuwa bado na chuo kikuu kinachojitegemea. Palikuwa na chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi ilikuwa na umri wa miaka sita na ilitaka kupanga mambo yake, lakini haikujua vizuri ina nini: maji yako wapi, udongo upi unazaa nini, mvua inakatika wapi, watu wangapi wanakaa wapi. Ikaundwa hapo chuoni ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, BRALUP. Ndiyo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, ile IRA tunayoijua. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwanajiografia Mmarekani, Robert Kates, mzaliwa wa Brooklyn, ambaye kabla ya usomi alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chuma huko Gary, Indiana.

Miaka thelathini na kitu ikapita. Aprili 2001 jarida la Science likachapisha makala fupi ya waandishi 23 iliyoitambulisha fani mpya, sayansi ya uendelevu, na kuiwekea maswali saba ya kuanzia. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni Robert Kates. Katika hao 23 yumo pia Akin Mabogunje wa Nigeria, mwanajiografia wa Ibadan. Sisemi kwamba fani hii ilizaliwa Mlimani, hiyo itakuwa kutia chumvi. Nasema kwamba mtu aliyetangulia kuipa jina alipita pale akiwa hajafika miaka arobaini, akifanya kazi ambayo maswali yake yalitoka kwa nchi iliyomkaribisha. Leo tunaipokea fani hiyo hiyo kama mtumba: imeshavaliwa kwingine, imepigwa pasi, sisi tunachambua lundo tuone kipi kinatuenea.

Miaka hiyo hiyo ya 1960 Gilbert White, aliyekuwa mwalimu wa Kates, pamoja na mkewe Anne na daktari David Bradley, walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakifanya kazi ambayo ukimweleza mtu atakuona huna shughuli: kuhesabu maji. Nani anateka, lita ngapi, mbali kiasi gani, anatumia muda gani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi mahali pale pale wakahesabu upya. Nyumba zilizokuwa na bomba zilikuwa zinapata kama nusu tu ya maji zilizokuwa zikipata zamani, na wasio na bomba walikuwa wanatumia zaidi ya mara tatu ya muda wa zamani kuteka. Kumbuka kwamba Tanzania ilijiwekea lengo mwaka 1971 kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Kwenye ripoti za mwaka hadi mwaka mambo yalikuwa yanasonga mbele. Aliyerudi na kuhesabu ndoo ndiye aliyeona kwamba yamerudi nyuma.

Mimi ndoo nimezihesabu mwenyewe. Nilisoma katika chuo kikubwa cha umma ambacho sitakitaja, na hakuna haja, maana ukiwa umesoma chochote kati ya hivi vyetu vya Afrika Mashariki utadhani nasema chako. Bweni letu lilikuwa la ghorofa nne na pampu ilichoka kwenye ghorofa ya pili. Mhadhiri mmoja wa jiografia, mtu wa suruali iliyopauka na maneno machache, alikataa kutupa mada za insha. Akatugawia karatasi zenye mistari akasema tukakae ngazini juma zima kwa zamu, tuandike kila ndoo inayopanda: saa, ghorofa, nani amebeba, ya nani. Tulinung'unika. Saa kumi na moja alfajiri umekaa kwenye ngazi ya saruji, baridi inapenya, watu wanakuruka wakikumwagia maji miguuni, mwingine anakuuliza kama umedisco, yaani umefeli ukaondolewa chuo, umekuwa mlinzi.

Siku ya tano picha ikaanza kujichora. Ghorofa ya nne walikuwa wanalipia maji mara mbili: mara ya kwanza kwenye ada ya bweni kama sisi wote, mara ya pili kwa mgongo wao au kwa sarafu anazopewa kijana wa kubeba. Na ghorofa ya nne walikuwa nani? Mwaka wa kwanza karibu wote. Walioripoti mwisho, waliotoka mbali, ambao boom lao, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijaingia na hawakuwa na mtu ofisini. Viongozi wa serikali ya wanafunzi walikuwa chini, jirani na bomba. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Pampu mbovu ilikutana na utaratibu wa kugawa vyumba, mzigo ukapanda ngazi wenyewe hadi kwa asiye na sauti. Tulipomaliza kusoma takwimu zetu yule mhadhiri hakusifu wala kukosoa. Aliandika ubaoni maneno mawili tu: nani analipa.

Hilo ndilo swali la fani yote, kwa jinsi ninavyoielewa. Mengine ni vifaa: picha za setilaiti, modeli za hali ya hewa, hesabu za kaboni. Kila jambo tunaloliita maendeleo lina bili, na bili hiyo ina tabia ya kutumwa kwa mtu ambaye hakuwepo mezani, aidha kwa sababu yuko mbali, au ni maskini, au hajazaliwa, au ni chura.

Chura, ndiyo. Baada ya ndoo mhadhiri alituletea Kihansi. Mtanzania wa rika langu akisikia chura wa Kihansi anacheka kwanza, kwa sababu vijiweni kisa hicho kiligeuka mzaha wa nchi inayohangaikia vyura wakati watu wana njaa. Lakini kifuate taratibu. Kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, maporomoko yalikuwa yanarusha rasharasha mchana na usiku, na ndani ya eneo dogo lililoloweshwa na rasharasha hizo, si zaidi ya hekta chache, aliishi chura wa manjano asiyezidi sentimita 3. Hatagi mayai kama wenzake, anazaa watoto waliokamilika. Duniani kote hakuwa kwingine. Alikuja kujulikana kwa sayansi mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza, na miongoni mwa waliomwandika kitaalamu ni Profesa Kim Howell wa idara ya zoolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji yakaingizwa kwenye handaki kwenda kuzalisha megawati 180. Rasharasha zikakatika. Zikafungwa bomba za kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaanza kufa kwa wingi, ugonjwa wa kuvu ukiwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege hadi kwenye maabara iliyoandaliwa Mlimani, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Sisi tulikijadili kisa hiki kikiwa katikati, chura ameshapotea korongoni na hajarudi. Ilikuwa kozi ya hiari, kwa hiyo darasani tulikuwa mchanganyiko. Kijana wa uhandisi alisimama akasema bila aibu kwamba nchi iko kwenye mgao, hospitali zinawasha jenereta, hawezi kulilia chura. Dada wa sheria akauliza kwa nini utafiti wa viumbe ulikuja nyuma ya mkataba badala ya kuutangulia. Mtu wa zoolojia alikuwa karibu kulia. Tukabishana umeme na chura, umeme na chura, kama mpira wa Simba na Yanga, mpaka jamaa mmoja wa nyuma, mtoto wa bonde la Kilombero ambaye muhula mzima sikuwahi kumsikia akifungua kinywa, aliposema: "Nguzo za msongo mkubwa zinapita juu ya paa la bibi yangu. Usiku bibi anawasha kibatari."

Darasa likanyamaza. Tulikuwa tumeupima umeme dhidi ya chura kana kwamba umeme ulikuwa wa wote. Yeye aliongeza safu ya tatu kwenye hesabu: maji yametoka kwao, umeme umepita juu yao, umekuja kuwasha bweni letu.

Hapo ndipo ninapokataa wanaosema fani hii ni ya vyuo vidogo vya kitajiri vyenye madarasa ya watu kumi na maabara za vioo. Chuo kikubwa cha umma kina kitu ambacho hakinunuliki: wanaolipa gharama wamekaa darasani. Mtoto wa mchoma mkaa wa Kisarawe yuko dawati moja na mtoto wa mkurugenzi ambaye jikoni kwao mkaa huo unawaka. Mtoto wa mfugaji aliyeondolewa hifadhini anasoma na mtoto wa mhifadhi. Bodi ya mikopo, pamoja na matatizo yake yote, imewaleta chumba kimoja watu ambao kwingine kote nchini wanakutana kupitia kwa polisi au kupitia kwa dalali.

Sasa tazama tunavyowatumia. Mhadhara wa mamia ya watu, kipaza sauti kinakwaruza, slaidi zilezile za miaka sita iliyopita zenye duara tatu zinazoingiliana: uchumi, jamii, mazingira. Mwanafunzi anapiga picha kwa simu, anakwenda kulichapa desa, yaani kukariri, anajibu mtihani, anasahau. Yule wa Kilombero anamaliza miaka mitatu hajaulizwa kwao kuna nini. Kila ndaki ina kozi yake ya mazingira: wahandisi yao, wanasheria yao, wanabiolojia yao. Mhadhiri akitaka kufundisha na mwenzake wa ndaki nyingine anagundua kwamba mfumo wa kuhesabu saa za kazi haujui mwalimu mwenye miguu miwili, mmoja huku mwingine kule. Na akifika wakati wa kupandishwa cheo, makala aliyoandika na watu wa fani tatu anaulizwa mchango wake ni asilimia ngapi.

Hilo la utawala linaweza kurekebishwa kwa waraka. La pesa ni gumu zaidi. Mahmood Mamdani, akiwa Makerere, alilalamika kwamba vyuo vyetu vimegeuzwa nyumba za ushauri elekezi: msomi hatungi tena swali, anajibu swali alilopewa na mteja. Kwa fani nyingine hilo ni hasara, kwa hii ni kifo. Fikiria tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo ndiyo ajira ya wengi wanaomaliza masomo haya. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004 mwenye mradi ndiye anayetafuta wataalamu na ndiye anayewalipa, kisha ripoti inapelekwa kwa chombo cha taifa kinachosimamia mazingira kupitiwa. Ninawajua vijana waaminifu wanaofanya kazi hiyo kwa moyo. Lakini weka lile swali la ubaoni mezani: nani analipa? Anayelipa mshahara wa mtathmini ni yule anayetathminiwa. Sidai kwamba kila ripoti imepikwa. Nasema hakuna ripoti ya namna hiyo itakayokuwa na muda wa kurudi baada ya miaka 20 kuhesabu ndoo.

Na muda ndiyo mali ya pili ya chuo cha umma. Kampuni inafungwa, mradi unaisha, mfadhili anahamia kwenye neno jipya. Chuo kinabaki. Chukua Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024. Chini yake kuna watu waliokuwa wakilima mlau, yaani kupanda kwa kulifuata tope la mafuriko maji yanapojivuta, na chini zaidi kuna delta yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Watafiti wa Mlimani walikuwa bondeni humo tangu miaka ya 1970. Nani atahesabu mlau mwaka 2030, na 2040? Siyo swali la kupinga bwawa, mimi huyu naandika kwa umeme. Ni kazi ya daftari na miguu, inayotaka mwanafunzi mmoja kila mwaka, tena ikiwezekana mtoto wa Utete au Ikwiriri, akabidhiwe daftari la aliyemtangulia. Gharama yake haifiki warsha moja ya hotelini.

Wenzetu wengine wamelielewa hili mapema. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, cha umma na chenye wanafunzi zaidi ya laki moja, ndicho kilichoanzisha skuli ya kwanza ya uendelevu Marekani, mwaka 2006. Hakikuifungua kwa sababu neno lilikuwa limepamba moto. Kiko jangwani, kando ya Phoenix, mji ambao kati ya Juni na Julai 2023 ulikaa siku 31 mfululizo joto likipita nyuzi 43, na sehemu ya maji yake inatoka mto Colorado, unaogombaniwa na majimbo saba. Swali lao liko nje ya dirisha. Ya kwetu pia yako nje ya dirisha, tumeshusha pazia ili slaidi zionekane.

Najua pingamizi: chuo cha umma ni mtoto wa serikali, atamuulizaje baba bili imekwenda kwa nani? Pingamizi hili ni zito na sina dawa yake. Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, si mtu wa mazingira kwa cheti, na kuona kwake kulitokana na kazi hiyo: alikwenda vijijini kutafiti kupe wa ng'ombe, akaona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo hakikumrudisha kazini. Leo chuo hicho hicho kina taasisi yenye jina lake. Baina ya mambo hayo mawili kuna maisha ya mtu mzima, na sitamwambia kijana yeyote kwamba njia hii ni salama.

Lakini kabla ya ujasiri kuna lugha, na hapa ndipo mpwa wangu alipokwama.

Mada yake ya kwanza ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo, ikiwa na maneno ustahimilivu, kaya na tabianchi, na ilifanana ajabu na tangazo la ufadhili lililokuwa limetoka mwezi uliotangulia. Aliandika dodoso kwa Kiingereza, akalitafsiri kwa Kiswahili, akaenda vijiji vya kwetu kulijaribu. Swali la 14 lilisomeka: "Kwa kiwango gani kaya yako ina ustahimilivu dhidi ya mishtuko ya tabianchi?" Unachagua 1 hadi 5. Bibi mmoja alilifikiria kwa heshima zote, kisha akamjibu kwamba mishtuko anayo kweli, hasa usiku, na hospitali walimwambia ni presha.

Nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Yeye hakucheka, alikuwa na dodoso kama hizo 200. Nikamuuliza: babu yako, yaani baba yangu, alikuwa anafanya nini kila masika yakianza? Akasema anafunga ngitili.

Asiye Msukuma nimweleze. Mvua zikianza unatenga kipande cha malisho, ng'ombe hawagusi, nyasi zinapanda na migunga inachipua. Kiangazi kikikaza, kila kitu kimekuwa vumbi, unafungua na mifugo inavuka salama. Ni akiba ya benki, ila inaota. Shinyanga ilikuwa nayo, kisha ikaja kufyekwa kwa misitu ili kuua mbung'o, ikaja pamba, vikaja vijiji vya miaka ya 1970 vilivyowatoa watu kwenye maeneo yao, na kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa unatajwa kama jangwa lijalo. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofanikiwa hakikuwa miche ya kigeni ya kwenye vitalu. Walirudi kwenye ngitili, wakaacha dagashida, baraza la wananchi wenyewe, liweke sheria na sungusungu wasimamie faini. Kutoka hekta kama 600 mwaka ule, ngitili zilizorekodiwa zilifika zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 timu iliyoongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine, cha umma pia, ilikadiria faida yake kuwa kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8 na nusu. Waliona pia upande wa pili: wenye ng'ombe wengi ndio wenye ngitili kubwa, na asiye na eneo hununua majani.

Haya yote mpwa wangu aliyajua kwa Kisukuma, tangu utotoni, kwa kupigwa fimbo siku mbuzi walipoingia mahali palipofungwa. Chuoni aliyasoma kwa Kiingereza chini ya jina jingine refu, na haikumpitia kichwani kwamba ni kitu kimoja. Hapo simlaumu yeye. Tumejenga utaratibu ambamo mwanafunzi analiacha getini lile analolijua vizuri kuliko mhadhiri wake, ili akadese lile ambalo wote wawili wanalijua nusunusu.

Alirudi akafuta swali la 14. Badala yake akaandika: "Mwaka ambao mvua ilikataa, uliuza nini kwanza? Ulimuuzia nani?" Hakuna 1 hadi 5. Msimamizi wake alisita kidogo kuhusu namna ya kuyachakata majibu, kisha akakubali, na kwa hilo ninamshukuru nisiyemjua.

Majibu, anasema, yanamkosesha usingizi. Kuku kwanza. Halafu mbuzi. Halafu majani ya ngitili yenyewe, yauzwe kwa mwenye ng'ombe mia, na mwaka unaofuata huna pa kulishia hata huyo mmoja aliyebaki. Majina ya wanunuzi yanajirudia kijiji hadi kijiji.

Juma lililopita alinitumia ujumbe wa sauti akiwa amekaa chini ya mti, upepo unavuma. Mzee aliyemhoji alijibu kila kitu kwa utulivu, kisha naye akaomba aulize. Kwanza: haya maswali umetumwa na nani? Akasema chuo. Mzee akatikisa kichwa, akauliza la pili: na hicho chuo kitarudi lini kutuambia kilichoona?

Ananiuliza mimi amjibu nini. Nimemwomba anitumie ratiba ya idara, nimeisoma mara mbili. Ina miezi ya kukusanya data, miezi ya kuandika, na siku ya kutetea tasnifu. Ya kurudi haimo.